Mto Kwenye Kioo Cheusi

Jumatatu, 3 Machi

Bwana Mito kapiga simu – mkuu wa ofisi ya mto, alikokuwa akifanya kazi mume wangu. Pole nyingi kwanza, kisha shida. Kipimo cha darajani kinaleta namba kama kawaida, ila watu wa bondeni hawajapata ujumbe wa tahadhari tangu msiba. Skripti, yaani programu ndogo inayotuma, iko kwenye kompyuta ya marehemu, hapa nyumbani. Marehemu! Amelizoea jina upesi. Ofisini hakuna anayeielewa. Mvua za milimani zimeanza.

Nimesema sawa. Siku hizi nasema sawa kwa kila kitu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeingia chumbani kwake. Kiti kirefu, miguu inaning'inia. Nywila ninayo, alinipa mwenyewe. Hana siri yule. Hakuwa na siri.

Ikawaka. Si kama ya kwetu shuleni ninayochapia barua za wazazi. Hakuna kitufe kile cha chini kushoto, hakuna chochote ninachokijua. Wifi yangu, dada yake, kachungulia: inaitwaje hii? Linux, imeandikwa. Kaka yangu alipenda kujitafutia tabu, akasema. Tukacheka. Kicheko kama cha watu wa nyumba ya pili.

Faili nimeliona: Tahadhari. Nimelibonyeza mara mbili, likafunguka kama barua. Mistari na mistari. Halikufanya kitu.

Nimefunga. Nimekula mkate nimesimama.

Jumatano, 5 Machi

Wifi kaleta fundi kompyuta wa mtaani. Kageuza geuza, kakuna kichwa. "Mama, hii ni ya wataalamu. Nikuwekee Windows, utatumia bila presha."

Na vilivyomo?

"Vitafutika. Lakini si mwenyewe ha—" Akatazama viatu vyake.

Mimi wala haikuniuma. Kama kung'olewa jino lililopigwa ganzi. Neno sawa lilikuwa tayari mdomoni. Wifi akaniwahi: kunywa chai kwanza, fundi.

Alipokuwa anapuliza chai nikauliza: bila kufuta, inaendeshwaje? Akafungua kioo cheusi kitupu – terminali. Unaandika amri, unabonyeza Enter, inatii au inakataa. "Zaidi ya hapo, mama, nisikudanganye."

Alhamisi, 6 Machi

Imekataa. Imekataa. Imekataa.

Nimeandika jina la faili – haijui amri hiyo. Nimetafuta kwenye simu: weka neno python3 mbele, ndilo linaloendesha faili. Nimeweka. Sasa inasema hakuna faili kama hilo. Lipo! Naliona! Nimekodoa macho asubuhi nzima. Kumbe T kubwa. Yeye kaandika Tahadhari, mimi naandika tahadhari. Huku herufi kubwa na ndogo si ndugu.

Kisha mlango mwingine, inataka nywila. Naandika, hakitokei kitu, hata nukta. Nikadhani kibodi kimekufa. Simu inasema ndivyo ilivyo: unaandika tu, inapokea kimya kimya. Katika yote ya leo, hilo tu nimelielewa mara moja.

Bado imekataa. Kuna kifaa haikioni. Bwana Mito kasema maji yamefika mita tatu. Yakifika nne yanaingia majumbani.

Ijumaa, 7 Machi

Kifaa chenyewe – kidude cha laini ya simu, kimechomoka nyuma ya meza. Nani kakichomoa? Waliofagia siku ya matanga, labda. Nimekichomeka.

Imekubali! Mistari ikashuka mbio, ikasimama:

Kipimo 3.8. Tuma? n/h

Kumbe hakuiachia mashine peke yake. Kila mara ilimuuliza.

Nimempigia Bwana Mito. Hapatikani. Wifi kaniwekea mkono begani: wewe unaonaje? Sioni kitu. Naona namba. 3.9. Nimebonyeza n, ndiyo.

Majibu yakaanza kuingia humo humo. Tumepata. Tunatoa wazee kwanza. Mbuzi tunawapeleka kanisani, mchungaji kakubali. Kisha hili:

Bwana Maji, mbona kimya hivi? Tulidhani umetuchoka. Au ulikuwa unaumwa?

Bwana Maji! Sikujua kama wanamwita hivyo. Hawajui. Sisi tulitangaza kwa ndugu, kazini, majirani. Kuwaambia wa bondeni, hakuna aliyekumbuka.

Wifi kasoma, katoka. Nasikia bomba la uani, maji yanamwagika sakafuni, hajaweka ndoo.

Nimeandika: Alifariki. Nimefuta. Watu wana wazee mgongoni saa hii.

Nimeandika: Nipo. Pandeni juu, msirudi kuchukua vitu. Nimetuma. Vidole vyangu hivi.

Jibu likaingia: Haya, Bwana Maji. Usitoke hapo.

4.1. Inauliza tena: Tuma?