Kumbukumbu ya Baba, Aliyemsomea Mama Gazeti

Mwaka mmoja unatimia leo, Baba, tangu ulipotutoka, na bado mtu akibisha hodi tunasubiri kwanza kusikia sauti yako ikimhoji: "Nani? Unatoka wapi? Unakwenda wapi?" Miaka thelathini na mitatu ya kukagua tiketi kwenye treni haikukutoka mwilini siku uliyorudisha kofia ya kazi. Ulistaafu kazi, lakini kushuku hukustaafu.

Watakaosoma tangazo hili nao hawakukujua, wajue hili tangu mwanzo. Ulikuwa mtu mwema, tena mwema sana, ila hukumwamini mtu. Fundi bomba alipokuja kuziba bomba la jikoni ulisimama nyuma yake, mikono mgongoni, ukimhemea shingoni mpaka akamaliza. Kesho yake likaanza kuvuja tena, na ulifurahi kuliko tulivyokuona ukifurahi siku ulipoagwa kazini. "Nilijua tu," ulisema. Jogoo wa jirani akiwika saa nane mchana ulitaka kujua ana sababu gani. Mjukuu akikuamkia kwa adabu iliyopita kiasi, uliitikia vizuri, halafu ukamwambia, "Haya, sema umevunja nini." Na kusema kweli, mara nyingi alikuwa amevunja.

Raha zako za ustaafu zilikuwa chache na ulizilinda. Kunyoa ndevu kulikuchukua saa nzima na nusu, mtu usiye na pa kwenda. Viatu vya kazi uliving'arisha kila Jumatatu, kisha ukavirudisha chini ya kitanda. Kulikuwa na kijiko cha tatu cha sukari, kile cha wizi, Mama akigeuza mgongo. Na kubwa kuliko zote lilikuwa gazeti. Muuzaji alilirusha getini asubuhi na mapema, lakini hukuligusa mpaka chai ya saa nne, umeshanyoa, umeshavaa. Hapo Mama alikaa kwenye kochi lake na ungo wa mchele mapajani, akichambua, na wewe ukamsomea.

Mama hakujua kusoma. Tumeruhusiwa kuliandika hilo, na aliyeturuhusu ni mwenyewe. Alipika kwenye jiko la shule miaka ishirini na sita. Watoto walikula wakarudi darasani, yeye akabaki na masufuria. Tangu mlipooana wewe ndiye uliyekuwa macho yake: barua, vibandiko vya dawa, mabango ya barabarani. Ulipokuwa safarini, barua zilikusubiri juu ya kabati. Ulipostaafu, sisi tukiwa tumeshahama na hakuna tena abiria wa kukuonyesha chochote, ile saa moja ya gazeti ikawa ndiyo ajira yako. Ulikohoa kidogo, ukavaa miwani, ukaanza na ukurasa wa kwanza kwa sauti ile ile uliyokuwa ukitangazia vituo.

Sasa hapa ndipo tulipo na kesi na wewe.

Katika mwaka wako wa mwisho ulianza kulalamika kwamba kuna mtu anasoma gazeti lako kabla yako. Tulicheka. Ukatuonyesha mikunjo. "Tiketi iliyokunjwa mara mbili ina mambo," ulisema, "na hili gazeti halikutoka mtamboni limekunjwa hivi." Tukatazama. Lilikuwa limekunjwa vizuri mno, pembe kwa pembe, na kulainishwa kwa kiganja. Katika nyumba ile mtu anayekunja vitu namna hiyo ni mmoja tu, naye ndiye mkunja mashuka. Lakini nani angemshuku mtu asiyejua kusoma? Wewe na ujuzi wako wote ulimruka, ukaenda kumkamata jirani.

Jirani ni mkunga mstaafu, na tangu ahamie pale ulisema ana jambo. Asubuhi moja ulimtokea kwenye ukuta wa mpaka, taulo shingoni, povu nusu ya kidevu.

"Mama Mkunga, wewe unasoma gazeti langu."

"Gazeti lako nilifanyie nini? Nakusikia dirishani kila siku ukilisoma. Habari zako tamu kuliko za gazeti."

"Una maana gani?"

"Nina maana kanyoe upande wa pili."

Ulirudi ndani ukinung'unika. Na ukahamia kwenye vitunguu. Mama alikuwa akienda ukutani kila asubuhi kuomba kitunguu, na wewe ukachungulia kikapu cha jikoni. "Mna vitunguu saba humu," ulimwambia kaka mkubwa kwenye simu. "Mtu mwenye vitunguu saba anaomba kitunguu cha nini? Wanawake wawili wakinong'ona ukutani, mwanangu, ujue kuna kiwanja kinauzwa."

Hapakuwa na kiwanja. Kila siku ukishafunga mlango wa bafu, Mama alilichukua gazeti getini, akaliweka kwapani, akaenda nyuma ya nyumba. Mkunga alimfundisha herufi kwa vichwa vya habari, kwa kuwa ndivyo vikubwa. Mama alikuwa na miaka sitini na minne. Alipotueleza baadaye kwa nini hakukwambia, wala hakusema aliogopa kuchekwa. Alisema: "Nikijua kusoma, baba yenu atabaki na kazi gani?" Aliogopa kukustaafisha mara ya pili.

Basi akawa anasoma kwa wizi na kusikiliza kwa heshima, mpaka siku ile ya moto. Ilikuwa habari ya kwanza aliyoimaliza mwenyewe, mstari hadi mstari, mkunga akimsaidia maneno marefu. Nyumba ya mzee mmoja imeungua na kila kilichokuwamo, na mzee mwenyewe hakutoka. Mama aliondoka ukutani na majonzi ya mtu asiyemjua. Saa nne ukakohoa, ukavaa miwani, ukamsomea: moto mkubwa umezuka, lakini majirani walifika upesi wakamtoa mzee salama, wakatoa na vyombo, hata na paka.

Mchele ulimwagika. Hapakuwa na paka, Baba. Mama alitazama kila mahali kwenye ile habari na paka hakumwona.

"Hebu rudia hapo kwenye paka," alikwambia.

Ukarudia bila kupepesa jicho, na safari hii paka alikuwa na watoto watatu.

Kuanzia siku hiyo nyumba ile ilikuwa na washukiwa wawili kwenye chumba kimoja. Wewe ulimtazama mkunga kupitia pazia. Mama alikutazama wewe juu ya ungo. Mafuriko uliyasoma yakawa mvua ya baraka. Waliogombana mahakamani ulisoma wamepatana. Mama alilala akihesabu miaka arobaini na mmoja ya kusomewa, akijiuliza, "Huyu mtu amenieleza dunia ya wapi?" Alipata hasira, tusifiche. Kuna wiki nzima ulikunywa chai ya baridi, ukadhani jiko lina tatizo, ukataka kuita fundi umsimamie.

Kisha akafikiria karatasi zako za kliniki. Ulikuwa ukienda peke yako kila mwezi, ukirudi unamsomea: "Presha imepanda kidogo. Nipunguze chumvi." Miezi minne alikuwa akikupikia chakula kisicho na ladha na wewe unakila ukikunja uso. Asubuhi moja ulipoingia kunyoa hakwenda getini. Alikwenda kwenye mfuko wa koti lako.

Karatasi ilikuwa imepigwa chapa, herufi safi. Alifuata kwa kidole. Moyo wa mgonjwa umechoka sana. Asibebe vitu vizito. Mgonjwa ameelezwa hali yake. Na mwisho kabisa, peke yake, mstari wa maneno mawili ambao Mama aliurudia mara tatu kwa kuwa alidhani amekosea: *Familia ijulishwe.* Tarehe ilikuwa ya miezi minne nyuma. Chumvi haikutajwa popote.

Aliirudisha karatasi mfukoni, akakaa ukingoni mwa kitanda akisikia unavyosuuza wembe. Akisema anajua, lazima aseme amejuaje, na hapo anakunyang'anya saa yako ya gazeti na kukuvua nguo kwa pamoja. Akinyamaza, siku moja utaanguka, na binti yako aliye ng'ambo atapata habari kwa simu ya msiba. Wiki tatu alibeba hilo peke yake. Akakunyang'anya ndoo. Akakukataza ngazi. Balbu ya sebuleni ilipoungua akamwita kaka atoke upande wa pili wa mji kuja kuibadilisha, na wewe ukasimama chini yake ukishuku kila kitu. "Kuna nini? Nani amewaambia nimezeeka? Ni yule mkunga?"

Alhamisi moja, chai ya saa nne. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na basi lililopinduka. Mama alikuwa ameshalisoma basi lile asubuhi, akajiandaa kusikia kwamba abiria wamechubuka kidogo, wamepewa soda wakaendelea na safari. Ukakohoa. Ukavaa miwani. Ukasoma: watu tisa wamefariki dunia papo hapo.

Mikono ya Mama ikasimama kwenye mchele.

Uliendelea. Hukumwokoa hata mmoja. Ulisoma mpaka nukta ya mwisho, ukaweka gazeti pembeni, ukaingiza mkono kwenye koti ukatoa karatasi ya kliniki, na kwa sauti ile ile ukaisoma jinsi ilivyoandikwa, tangu jina lako hadi yale maneno mawili ya chini. Halafu ukavua miwani.

"Basi," ulisema. "Mmejulishwa."

Mama aliuweka ungo chini. "Umejua lini?"

"Nimejua nini?"

"Usinifanye mtoto, baba watoto."

"Kunywa chai, inapoa."

Chai hakuinywa. Alilia, na katikati ya kulia akakusema. Alikwambia wewe ni mwongo wa miaka arobaini na mmoja, umemsomea paka wasiokuwepo, umemfanya mjinga mbele ya mkunga anayesikia yote dirishani. Ulimwacha amalize. Ukasema, "Nilitaka ukitoka hapo kwenye kochi urudi jikoni na moyo mwepesi."

"Na zile habari mbaya zote, wewe ulizipeleka wapi?"

Ukageukia dirishani. Mama anasema hapo ndipo hasira ilipomwisha.

Jioni ile kaka alipigiwa simu, na wiki haikupita binti yako akawa ameshatua na sanduku lake. Miezi mitano, Baba. Hatukujua kwamba miezi mitano inaweza kuwa mirefu hivyo. Ulirudishiwa chumvi kidogo, maana haikuwa na kosa. Saa nne mlisoma kwa zamu, wewe ukurasa wa kwanza, Mama kurasa za nyuma, kidole kikitambaa chini ya maneno. Na ndipo tulipokuona ukiwa kazini kabisa.

"Umeruka mstari."

"Sijaruka."

"Lete nione."

Ulikagua. Hakuwa ameruka. Ukamrudishia gazeti bila kuomba radhi, kama ulivyowarudishia abiria tiketi zao.

Mpaka leo hatujui ulijua lini kwamba Mama anasoma. Mkunga ameapa hakukwambia, na sisi tunamwamini, ingawa wewe usingemwamini. Kaka anasema uligundua karatasi imehamishwa mfukoni. Sisi wengine tuna dhana mbaya zaidi. Mtu anayeweza kutambua tiketi ya jana kutoka mwisho wa behewa hashindwi kutambua mkunjo wa mke wake. Tunashuku ulijua tangu gazeti la kwanza. Tunashuku ile saa na nusu ya kunyoa ilirefuka mwaka ule kwa makusudi, na kwamba ugomvi wa ukutani ulikuwa geresha tu, Mama apate kuona umepotea njia. Na kama ni hivyo, basi hata yule paka ulimzalisha ukijua anayekusikiliza ameshasoma. Tumekuuliza mara nyingi mwaka huu. Huna majibu kama kawaida yako.

Kitu kimoja hatukishuku. Asubuhi uliyoondoka hakuna aliyepigiwa simu. Hakuna aliyekuwa barabarani akikimbizana na muda, wala aliyesikia kwa mtu. Kaka alikuwa miguuni pako, binti yako alikuwa ameshika glasi ya maji, na mkono wako ulikuwa ndani ya mkono wa Mama. Ulifungua macho ukatutazama mmoja mmoja, taratibu, ukituhesabu. Tulikuwa wote.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye amelisoma tangazo hili lote kabla halijapelekwa gazetini, akahakikisha hakuna mstari ulioongezwa wala kurukwa. Na mwanao mkubwa. Na binti yako, aliyewahi. Na wakwe zako, uliowakagua zaidi ya wote. Na wajukuu wako watano. Na jirani yako mkunga, aliyesema kama hatutamwandika ataruka ukuta.

Tutakukumbuka daima, Baba, uamini usiamini.