Fimbo za Gofu Kutoka Timau

Majengo,
Nyeri.
21 Agosti 1966

Mpendwa dada yangu Waridi,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na shemeji Othmani na watoto, na kwamba mafua ya kitinda mimba wako yameisha. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ila baridi ya mwaka huu imetuonea. Ukungu unashuka asubuhi, unapanda jua likiwa utosini, na kabla hujamaliza kuanika nguo umerudi tena. Mama anakaa na jiko la makaa miguuni mchana kutwa. Goti lake lina nafuu tangu apakwe ile dawa uliyotuma, na kila anayekuja kumsalimu lazima aonyeshwe chupa.

Murugi, yule jirani yetu aliyehamia Gatitu, amejifungua mapacha, wote wa kike. Nilikwenda kumwona na kanga mbili. Alikuulizia sana.

Kaka yetu Sulemani bado anabeba mchele wa Wang'uru kwa lori lake, na bado hataki kuoa. Mama amechoka kumsema.

Sasa nije kwenye swali lako. Umeandika kwamba shemeji amealikwa kucheza gofu na wakubwa wa shamba la mkonge, na anataka mwanyumba wake, Yakubu wangu, amwambie achague fimbo zipi na apange mfuko vipi. Yakubu ameniachia mimi nijibu. Ukisoma mpaka mwisho utajua sababu.

Mwambie asinunue seti nzima, kwa maana anayeanza hazihitaji zote. Achukue moja yenye kichwa cha mti ya kupigia mbali, za chuma zenye namba tatu, tano, saba na tisa, moja nzito ya kutolea mpira mchangani, na ile bapa ya kusukumia mpira shimoni. Namba ikipanda, fimbo inakuwa fupi na mpira unakwenda juu zaidi kuliko mbali. Aijaribu akiwa amevaa viatu vya kuchezea. Akijikuta ameinama kama anayepalilia, fimbo ni fupi kwake. Mfukoni, ndefu zikae juu karibu na mkanda na fupi zifuate mbele, zisigongane. Mipira iwe mfuko wa chini, koti la mvua ubavuni. Akiutundika mfuko begani ulale sawa, usimvute upande mmoja.

Hayo yote ni maneno ya Mutahi, rafiki ya Yakubu katika ofisi ya wapima ardhi. Neno langu mimi ni moja tu: kama fimbo si mpya, aulize kwanza mwenyewe yuko wapi.

Dada, unajua kwamba mwaka jana Yakubu alipandishwa cheo. Wakubwa wenzake walikuwa wameanza kuingia katika klabu ya gofu, ambako zamani mtu wa kwetu aliingia kwa mlango wa jikoni. Na yeye akataka. Mimi sikumkataza, nilifurahi. Mwezi wa tano mwaka huu tukasikia kwamba kule Timau kuna mama wa Kizungu, mjane, anayeondoka na anauza vitu vya nyumba. Tukaenda na Mutahi katika gari lake.

Vitu vilikuwa vimepangwa nje kwenye nyasi, viti, mapazia, vyombo vya chai, na ngano imesimama pande zote. Yule mama anaitwa Hallam. Ni mtu mzima, mwembamba, mwenye adabu. Alitukaribisha kama wageni, si kama wanunuzi. Mfuko wa gofu haukuwa nje pamoja na vitu vingine. Ulikuwa ukumbini, umeegemezwa kando ya kiti cha mwanamume.

Yakubu alichomoa fimbo moja akaishika. Ngozi ya mpini ilikuwa imebonyea mahali pa vidole vya mtu aliyeitumia miaka mingi. Vidole vya Yakubu vililala mle mle. Akachukua nyingine, ikawa vile vile. Mutahi alicheka akasema amepata bahati, hata angepimwa na fundi asingepata zinazomfaa hivyo. Mimi nilimtazama yule mama. Yeye alikuwa akitazama mikono ya mume wangu, na uso wake ulikuwa umebadilika.

Tulipotaka baadhi tu, alikataa. Alisema ni zote au basi. Kisha akaupanga mfuko mwenyewe, na hakuupanga kama anavyosema Mutahi. Fupi aliziweka karibu na mkanda, na ile bapa ya kusukumia aliitia kichwa chini, mpini juu. Akatuambia kwa Kiswahili chao cha shambani kwamba bwana wake alipenda hivyo.

Tulipofika nyumbani Mutahi aliupanga upya kama inavyotakiwa. Siku ya pili, nikifagia, nikakuta fupi ziko karibu na mkanda na ile bapa iko kichwa chini. Nikadhani ni Yakubu. Yeye alipoona akadhani ni mimi. Tuliupanga tena tukiwa pamoja, tukatoka kwenda kwa mama, na hakuna aliyebaki ndani. Tuliporudi, mpini ulikuwa juu. Tuliuacha hivyo, na nadhani hapo ndipo tulipokosea.

Yakubu akaanza kucheza. Mutahi alikuwa ameniambia kwamba mwanafunzi hupiga hewa na udongo kwa miezi kabla ya kuupata mpira sawasawa. Yakubu hakupiga udongo hata mara moja. Watu wakaja kumtazama, wakampongeza. Lakini Mutahi hakuwa na furaha. Jumapili moja alikaa hapa barazani akizungusha kikombe mkononi, ndipo akaniambia:

"Kibibi, huyu hajifunzi. Huyu anakumbuka."

Baada ya hapo nikaanza kuona mambo mengine. Yakubu alikuwa akisimama dirishani alasiri, ukungu ukishuka, akiutazama upande wa mlimani na kusugua bega la kushoto. Alianza kupiga mluzi, yeye ambaye unajua alivyo mkimya. Haukuwa wimbo. Ulikuwa ni sauti mbili, ya juu na ya chini, halafu ananyamaza kama anayengoja kujibiwa. Siku moja alisimama kuswali alasiri, akafika katikati akakwama, akakaa juu ya mkeka akiangalia mikono yake kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake.

Halafu jioni moja, nikimwandalia chakula, aliinua kichwa akaniuliza kwa upole kabisa:

"Mbwa ameingia?"

Nikamwuliza mbwa gani. Akasema, "Bess." Kisha akashtuka, akaniomba maji. Sisi hatujawahi kufuga mbwa, dada. Jina hilo sikuwa nimelisikia tangu nizaliwe.

Maalimu alikuja akamsomea, akapata utulivu kwa muda. Daktari akampima moyo akasema hauna kitu. Lakini mkono wa kushoto ulizidi kuuma, na kila ulipouma alitaka kwenda uwanjani. Nilificha mfuko kwa mama. Yakubu alikwenda moja kwa moja akautoa, bila kuuliza uko wapi.

Nilimwomba Sulemani anipeleke Timau. Nilimkuta yule mama bado yupo, amekaa juu ya sanduku katika nyumba tupu. Aliponiona hakuuliza nimefuata nini. Nikamwuliza kama walikuwa na mbwa. Akasema ndiyo, Bess, alikufa wiki moja baada ya bwana. Nikakaa sakafuni.

Ndipo aliponieleza. Bwana wake alikuwa amekata nyasi pembeni ya ngano, akatengeneza viwanja vichache vya kuchezea peke yake. Alasiri moja ukungu ulimfunika akiwa huko na mbwa wake. Yule mama alikuwa jikoni akipika jemu, akasikia mluzi.

"Mimi nasikia yeye napiga mluzi," alisema. "Mimi nafikiri naita umbwa. Mimi hapana kwenda."

Walimkuta jioni, ameshika bega la kushoto, na mfuko umesimama kando yake.

Nikamwuliza kwa nini basi alituuzia vitu hivyo. Akasema kwamba tangu mazishi fimbo zile zilikuwa zikijipanga zenyewe pale ukumbini, naye alizizoea, hata zilimliwaza. Lakini hakuweza kumwona bwana wake, alisikia fimbo tu. Alipoona mikono ya Yakubu imeingia mahali pa mikono ya mume wake, alijua. Alitaka tu bwana wake awe mahali fulani, hata kama ni ndani ya mtu mwingine.

Dada, nilikasirika. Nilimwambia mume wangu si nyumba tupu ya kuwekea mtu. Nilimwambia kama mume wake alimwita yeye, basi aje yeye, asiniachie mimi nizike. Sikuwahi kusema na Mzungu hivyo katika maisha yangu. Alisimama, akavaa koti, akatufuata kwenye lori bila hata kufunga mlango.

Tulifika Nyeri alasiri. Mama akatuambia Yakubu ameondoka na mfuko. Tukaenda mpaka uwanjani, tukasimama kwenye miti karibu na shimo la mwisho. Ukungu ulikuwa umejaa, hata jengo la klabu halikuonekana. Tulisikia fimbo zikigongana ndani ya mfuko, kisha tukamwona Yakubu anakuja peke yake, Mutahi nyuma yake kwa mbali akijaribu kumfikia. Alikuwa akitembea kama mzee. Akausimamisha mfuko, akashika bega, akapiga ule mluzi. Sauti ya juu na ya chini. Akanyamaza.

Mimi nilitaka kukimbia kwake. Yule mama alinishika mkono, akaniachia, akaenda yeye. Alikwenda haraka kwa umri wake, viatu vikiteleza kwenye nyasi zenye maji, akisema kwa sauti:

"Nakuja. Mimi nakuja."

Yakubu akakaa chini. Mama Hallam akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono yote miwili, wakazungumza. Yakubu alizungumza Kizungu, lakini si kile cha ofisini ninachokijua. Sikusikia walichosema na sikutaka kusikia. Nilisimama pale na mtandio wangu mdomoni, nikiomba Mungu. Nilimwona yule mama akitikisa kichwa kukubali, akitikisa tena, akicheka kidogo huku machozi yanatoka. Mutahi alikuwa amesimama hatua chache, amevua kofia.

Kisha Yakubu aliinamisha kichwa, na alipokiinua alinitafuta mimi. Aliona mikono yake imeshikwa na mwanamke asiye mkewe, akaona haya, akaitoa taratibu. "Kibibi," akasema, "nimeanguka?" Nikamwambia ndiyo, umeanguka, twende nyumbani.

Hakumbuki mengi. Anasema miezi ile aliiona kama kupitia kioo cha dirisha chenye mvuke. Mkono hauumi tena na sala zake anazimaliza. Mutahi amemwazima fimbo zake za zamani, na sasa anapiga udongo na hewa kama mwanafunzi yeyote. Juzi alirudi amepoteza mipira yote mtoni, amenuna. Nilimpikia pilau.

Yule mama hakutaka chai wala kulala. Aliuchukua mfuko wake mwenyewe, akakataa kusaidiwa kuubeba, Sulemani akamrudisha Timau siku ile ile. Unamjua kaka yetu, kila jambo kwake ni mzaha. Tangu aliporudi hajalifanyia mzaha hili. Anasema toka Nyeri yule mama alikaa amejibana kwenye mlango, ingawa kiti cha lori ni kipana, na yeye mwenyewe akajikuta amejibana upande wake. Walipopita Naro Moru alitaka kumwambia asogee akae vizuri, lakini akaona hawezi kuunyoosha mkono pale katikati. Walipofika, yule mama alishuka na mfuko, akageuka, akaushikilia mlango wa lori wazi. Akangoja. Ndipo akaufunga, akaenda ndani.

Basi mwambie shemeji anunue fimbo mpya, hata kama ni chache, na mikono yake mwenyewe ndiyo izizoeze.

Mama anakusalimu, na anasema ukipata njia umletee chupa nyingine ya dawa. Sulemani anakusalimu, Mutahi pia, ingawa hamjaonana. Yakubu anamsalimu mwanyumba wake na kumtakia mchezo mwema. Wabusu watoto wote kwa ajili yangu, na nisalimie Mama mdogo Mwanaisha huko Pangani.

Mwenyezi Mungu awalinde mnapotoka na mnapoingia, na kila mmoja wenu arudi nyumbani akiwa yeye mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako akupendaye siku zote,

Kibibi