Mvinyo Usiotiwa Sukari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanasemaje na baridi hii? Na kaka, bado anakoroma mpaka paka anahama chumba? Mimi ni mzima, nakula vizuri, sina homa wala kikohozi.

Kabla hujaendelea naomba jambo moja. Vaa miwani uisome barua hii mwenyewe. Usimpe kaka akusomee, maana unamjua, akisoma kitu sebuleni, kabla ya jioni mtaa mzima unacho.

Barua yako niliipata Jumatatu. Umeniuliza tena kama bomba limetengenezwa. Hii ni mara ya tano unaniuliza habari za bomba, na mara zote nne nimekujibu kwamba fundi ameahidi kuja. Leo nitakujibu sawasawa. Ila nivumilie nianze na habari za kazini, kwa sababu ndizo zilizonifikisha kwenye jibu lenyewe.

Ulipokuja kunitembelea ulicheka sana kusikia kazi yangu. Ulisema umezaa watoto watatu, wawili wanafanya kazi za kueleweka, na huyu wa mwisho analipwa kwa kutema. Nami nilikujibu mbio mbio kwamba naonja mvinyo wa mapovu, basi, nikageuza mazungumzo. Sikukutendea haki. Ulikuwa umesafiri siku nzima kuja kujua binti yako anafanya nini.

Mvinyo wetu unaitwa mkavu. Hapo pia ulicheka, ukauliza kitu cha majimaji kinakuwaje kikavu. Maana yake ni kwamba hauna utamu. Mivinyo mingine ya mapovu hutiwa sukari kidogo kabla chupa haijafungwa kwa mara ya mwisho. Huu wetu hautiwi hata chembe. Ukiumimina kwenye glasi, vipovu vinapanda vidogo vidogo, vimefuatana kama uzi. Ukisogeza pua unakutana na ganda la limau, kisha tufaha bichi, na nyuma kabisa harufu ya mkate uliotoka tanuri sasa hivi, kwa sababu ya hamira iliyokaa nao chupani miaka mitatu. Mdomoni unakupiga kwanza. Uchachu unakamata pembeni mwa ulimi mpaka mate yanajaa, mapovu yanakukwaruza, halafu mambo yanatulia, unabaki ukavu kama wa chaki na uchungu mdogo, kama umetafuna mbegu ya limau kwa bahati mbaya. Hapo tunautema na kuanza kuhesabu. Ladha ikidumu mpaka kumi, chupa ni nzuri. Mtu akionja mara ya kwanza hukunja uso, hata mimi nilikunja. Siku hizi hakuna kinywaji ninachokiheshimu kama hicho. Sukari hufunika makosa, na mvinyo huu hauna pa kujifunika.

Lakini kazi hii ina masharti yake. Manukato marufuku. Sabuni yangu haina harufu, kitunguu nakila siku za mapumziko tu, kahawa naipita mbali, hata maua sitaki ndani. Wenzangu wamenipa jina la Pua, na nimelipenda kuliko inavyofaa. Miaka kumi na moja sikuwahi kukosea mezani. Nyumba yangu hainuki chochote, mama. Ukiingia huwezi kujua kama anaishi mwanamke, mwanamume au sanduku. Nikirudi jioni nikafungua mlango, hakuna kinachonipokea. Nina upweke, acha niseme hivyo hivyo. Nina upweke mkubwa, na nimeutengeneza kwa mikono yangu mwenyewe.

Sasa sikia yaliyonikuta. Mwezi uliopita yule mama fundi cherehani, jirani yangu uliyelala kwake, aliniletea shali yako ya kijivu. Ulikuwa umeisahau nyuma ya mlango wake. Ilikuwa bado na harufu ya dawa yako ya kuchua magoti, ile ya kopo la kijani, kafuri na mnanaa pamoja. Nilikusudia kuifua. Badala yake nikalala nayo shingoni, na asubuhi nikaenda nayo kazini chini ya koti. Nilijiambia ni kwa ajili ya baridi, lakini ukweli ni kwamba sikutaka kuivua. Na pua ikilala na harufu huizoea, haiisikii tena. Mimi mwenye masharti yote hayo nilitoka nyumbani nikiamini sinuki kitu.

Siku hiyo tulikuwa tunaonja rundo la saba, chupa elfu mbili. Utaratibu wetu ni kwamba kila mtu anaandika kimya kwenye karatasi yake, ndipo tunasoma kwa sauti, ili mtu asimvute mwenzake. Tulikuwa wanne pamoja na mkuu wetu, tunayemwita Mwalimu. Mwendo wa nusu saa kwenye upepo ulikuwa umeniosha pua. Nikainama juu ya glasi, shali nayo imeshapata joto la chumba, na hapo nikaisikia dawa, wazi kabisa. Nikaandika kwamba kuna kasoro, harufu ya dawa, chupa zisiuzwe. Wenzangu wawili walikuwa wameandika limau, tufaha, mkate. Waliponisikia wakanusa tena, wakafuta, wakasema kweli ipo, kwa mbali. Si waongo wale. Pua ameshasema, nani abishe? Mwalimu peke yake alisema yeye haisikii, ila akaongeza kwamba uzee umeanza kumwibia harufu, akaniachia mimi uamuzi.

Rundo zima likaandikiwa kwenda kufanywa siki. Kule chini ya ghala yuko mzee anayegeuza chupa. Alikuwa amezigeuza zile zote kwa mkono, moja moja, robo mzunguko kila siku kwa majuma mengi, ili mashapo yashukie shingoni mwa chupa. Alipoambiwa hakugomba. Alikaa juu ya kreti akauliza amekosea wapi. Aliniuliza mimi, mama, kwa kuwa mimi ndiye ninayejua, nami nikamjibu kwa upole kwamba labda ni vizibo.

Jioni ile nikafungua mlango wangu, na harufu ileile ikanipokea. Kwanza nilifurahi, haki ya Mungu. Nilidhani umekuja. Nilisimama pale kizingitini na ufunguo mkononi, nikitabasamu peke yangu, na nikiwa bado natabasamu nikaelewa nilichokifanya.

Siku mbili nilinyamaza. Niliogopa kupoteza jina, nisikufiche. Siku ya tatu nilishuka ghalani nikamkuta yule mzee anazitoa chupa zake kwenye mbao, anazipangusa vumbi moja moja kana kwamba zinapelekwa harusini, na zinakwenda kuwa siki. Nikashindwa kuvumilia. Nikapanda kwa Mwalimu nikamwekea shali mezani. Aliinusa mara moja tu. Hakufoka. Aliniuliza dawa ni ya nani, nikamwambia ni ya mama yangu. Akaniuliza, kwa kutaka kujua tu, mama akija kunitembelea huwa nafanyaje, maana yeye mkewe anapenda sana udi, na siku za kuonja hulala chumba cha pili na asubuhi akaoga mara mbili, basi yamekwisha. Nikaichukua shali mezani nikaanza kuikunja.

Rundo la saba likaonjwa upya bila mimi, likapita. Yule mzee nilimwomba radhi. Akasema afadhali kosa liwe langu kuliko lake, na tangu siku hiyo hanitanii tena. Mimi nimetolewa mezani kwa miezi mitatu. Nageuza chupa pamoja naye kule chini, robo mzunguko, robo mzunguko, kila mtu na upande wake. Bado wananiita Pua, ila sasa wanacheka wakiniita.

Sasa jibu la swali lako.

Bomba halikupasuka, mama. Chumba kilikuwepo, kikavu, na kitanda kimetandikwa. Nilikitandika mwenyewe kwa ajili yako tangu asubuhi. Lakini ulipofika ukanikumbatia, nikasikia ile dawa, na kesho yake tulikuwa na uonjaji mkubwa wa mwaka. Uongo ukanitoka kabla hujatua mzigo. Nikasema nyumba imejaa maji, nikakupeleka kwa fundi cherehani. Nawe ukanionea huruma, ukataka nikupe tambara tukadeki wote. Siku nne ulilala kwa mtu baki, na mimi mwanao nipo nyumba ya tatu. Naona aibu. Nisamehe.

Na kuna hili lingine. Siku aliponiletea shali, fundi cherehani aliniambia kwamba siku yako ya pili pale, mimi nikiwa kazini, uliazima ndoo yake ukaja kwangu. Dirisha langu la mbele halina pazia. Anasema hukukawia, ulirudi na ndoo ikiwa tupu na tambara likiwa kavu. Alipokuuliza, ulimjibu kwamba maji yameshakauka, mwanao ni mchapakazi. Hukusema zaidi, wala hukuniambia mimi. Ulimaliza siku zako, ukaniaga vizuri, ukarudi nyumbani, na ukaniandikia barua tano, na katika kila moja ukaniuliza kama bomba limetengenezwa. Nimechelewa sana kuelewa ulichokuwa unauliza.

Ndani ya bahasha hii kuna ufunguo wa nyumba yangu. Ni wako, usiurudishe. Njoo sasa, na njoo tena nitakaporudishwa mezani, na uje hata wiki ya uonjaji mkubwa. Njoo na kopo la kijani, ujichue humu humu ndani, milango yote imefungwa. Asubuhi mimi nitaoga mara mbili.

Nisalimie kaka na dada, na yule paka asiye na makazi. Mwambie kaka ndani ya barua hakukuwa na jambo, ni habari za bomba tu. Shali ninayo, sijaifua, na usinitume niifue.

Ni mimi,
kitindamimba wako