Yale ya Pinki Yasiyoogopa Jua

Mjukuu wangu Zuhura, shikamoo yako nimeipata, marahaba. Huku Manzese tupo. Babu yako miguu bado inavimba, ila anakula.

Unauliza upande maua gani kwenye kibaraza chenu kinachopigwa jua kutwa. Mie nilipoolewa nilipanda mlangoni, kwenye makopo, yale ya pinki yasiyoogopa jua. Mama mkwe akaguna: "Maua ya makaburini hayo, unatuitia nini nyumbani?" Nikacheka. Kabla masika ya mwaka uliofuata hayajaisha tukamzika mwanangu wa kwanza.

Mama mkwe hakunisema. Aliyabeba makopo mwenyewe, akayapanda maua kaburini, na kila Ijumaa akawa anayamwagilia mpaka miguu ilipomkatalia. Nyumba zimelibana kaburi sasa, maua bado yapo.

Yapande hayo. Mtu akikuambia ni ya makaburini, mwambie ndiyo, bibi yako anayajua.