Vigae 2,521

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko kwenye chaki zako? Sisi wazima, ukiacha magoti yangu, ambayo siku hizi yana maoni yao. Nimemaliza sakafu ya ule ukumbi. Mwenye nyumba alileta vigae 2,521, akasema vyote vitumike na kisikatwe hata kimoja. Nilivihesabu mwenyewe. Urefu vimeingia sitini, upana arobaini na viwili, sakafu imejaa kona hadi kona, na hakuna kilichobaki. Hebu zidisha, uniambie. Nilimshuku Kobe, fundi mwenzangu, kuwa kaiba kimoja. Kaapa, na kweli, kusema Kobe kabeba kitu kizito hivyo kwa hiari yake ni kumsingizia bidii. Nimegonga kimoja kimoja kwa nyundo ya mpira; vyote vinajibu vizuri, hakuna chenye utupu chini.

Baba yako

10 Machi

Shikamoo Baba,

Pole na magoti. Sitini mara arobaini na mbili ni 2,520. Na hiyo 2,521 ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Igawe kwa mbili, kwa tatu, mpaka kumi, kila mara inasalia moja. Vigae hivyo haviwezi kujaza chumba chochote cha pembe nne, ila mstari mmoja mrefu, upana wa kigae kimoja. Vaa miwani uhesabu upya.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini u mzima. Miwani nilivaa, ni 2,521. Kosa langu ni kuisoma barua yako kwa sauti humu ndani, maana naona sakafu ilikuwa inasikiliza. Tangu hapo kuta zinasogea. Sasa nazigusa zote mbili kwa viwiko. Mlango uko mbali, mdogo kama tundu la ufunguo; nikipiga hatua, nao unapiga yake. Barua naifunga kwenye uzi wa kupimia, Kobe anavuta akiwa mlangoni. Ananiuliza kama nimekula. Nifanyeje, mwalimu?

Baba yako

22 Machi

Baba,

Salamu baadaye. Ng'oa kigae kimoja, chochote. Vikibaki 2,520 chumba kitapata upana tena. Kisha toka, usikusanye hata vifaa.

Mwanao

30 Aprili

Shikamoo Baba,

Za huko uliko? Kobe amenijia. Anasema ukumbi umerudi mpana, sitini kwa arobaini na mbili, hauna pengo hata moja, na ndani hamna mtu. Alipovuta uzi, mwishoni alikuta kigae kimoja kimefungwa kwa fundo lako: chini saruji mbichi, juu nyayo zako mbili. Ulivyobanwa, uliweza kukifikia kile kimoja tu ulichosimama juu yake. Nami niliandika "chochote".

Nimekiweka mezani kwangu. Hakipoi. Leo nimekigonga mara moja, kama ulivyonifundisha.

Kimejibu mara mbili.

Mwanao