Alama Yako ya Kujumlisha

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Goti lake limetulia, au bado anapanda ngazi kwa ubishi? Mimi mwili ni mzima. Yaliyobaki nakueleza hapa, ila nakuomba usome kwanza ukiwa peke yako.

Unaikumbuka ile fomu ya mtandaoni ya chuo cha uuguzi, niliyojigamba mbele ya wajomba kwamba nimeitengeneza mimi? Fomu ikitumwa, maandishi hufungwa huku na kufunguliwa kule chuoni. Njiani alama ya kujumlisha hutumika badala ya nafasi tupu, kwa hiyo mtu akiiandika yenyewe, lazima ibadilishwe kabla ya kufungwa, la sivyo kule husomeka kama nafasi tupu na kupotea. Mimi nilisahau kuibadilisha. Kila aliyeandika B+ alisomeka B, na chuo kilitaka B+ ya biolojia.

Dada mmoja wa ofisini anayekagua kazi zetu aligundua wiki ya pili. Alikuja mezani kwangu na kikombe chake cha chai, akaniuliza kwa upole mbona hakuna hata mwombaji mmoja mwenye alama ya kujumlisha. Nikamjibu kwamba watoto wa siku hizi hawasomi. Alipoondoka tu, nikarekebisha. Ulikuwa mstari mmoja, dakika kumi hazikuisha. Waliokwisha kuomba sikuwagusa, maana ningelazimika kusema kosa ni la nani. Na nilijua wewe umo, na B+ yako.

Uliponipigia simu unalia kwamba umekataliwa, nikakuambia ni haraka zako, umejaza vibaya. Ukaniuliza kama ukate rufaa. Nikasema, "Usijiaibishe, na mimi usiniaibishe kazini." Ukasema, "Asante, kaka."

Jumatatu nilimweleza bosi yote. Hakufoka, aliniambia tu nifunge mlango nikitoka. Chuo kimekubali kuzipitia upya rufaa zilizokatwa tu, na waombaji thelathini na wanane wamepewa nafasi zao. Orodha nimeisoma mara tatu. Wewe humo, kwa sababu hukukata rufaa. Nimemwomba mkuu wa chuo akufikirie, akasema darasa limejaa, labda mwakani.

Msalimie mama. Alipokusema kwa uzembe wako nilikuwepo, nikatikisa kichwa pamoja naye. Msomee barua hii yote, usiruke kitu. Naona haya kumsomea mwenyewe.

Ni mimi,
kaka yako