Panya Asiyeoza

Shikamoo dada Nambua,

Jumanne asubuhi nilipoteza nyuki wote wa mzinga wa marehemu baba hapa Chome. Mzinga wenyewe ni mmoja, nami nimeumaliza kwa siku mbili!

Jumatatu niliufungua, nikakuta panya mkavu amefunikwa gundi nyeusi ya nyuki. Nikaona uchafu. Nikakwangua gundi yote nikaitupa chooni, nikasugua mzinga kwa sabuni. Kesho yake nyuki wakahama.

Mjomba alicheka hadi akakaa chini. "Huyo panya amekufa tangu masika. Ulisikia harufu?"

"Hapana."

"Walishindwa kumtoa, wakampaka gundi asioze. Ndiyo dawa yao. Wewe muuza nyama, mafriji yako mawili yanaweza hivyo?"

Miaka kumi na minane buchani, leo nafundishwa kazi na wadudu!

Mjomba anasema mzinga ukipakwa gundi mlangoni, kundi jingine huweza kuja. Wewe unalo lile bonge la gundi la baba, unalowapaka watoto kwenye vidonda. Nawapenda nyote, hata wewe uliyeyajua haya usiniambie. Unanipa nusu, ndiyo au hapana? Mjibu dereva aliyekuletea kadi hii kabla hajapanda huku Ijumaa saa nane mchana.

Mdogo wako, Elinami